Ukoo wa Mzee Chidawali: kupima kabla ya Mvumi

*Jumanne*

Shangazi Mariam 06:12
Mbukwenyi wanaukoo. Narudia ujumbe wa juzi maana mmeusoma mkauacha. Jumamosi ijayo tunajengea kaburi la marehemu Yohana kule Mvumi. Ijumaa yake asubuhi, sisi wa tumbo moja na watoto wetu wakubwa tunakutana kituo cha afya Makole kupima homa ya ini B. Wote. Andikeni majina.
1. Mariam
2.
3.

Shangazi Mariam 09:40
Namba mbili bado iko wazi jamani.

Joram 10:55
Shikamoo Shangazi. Huku Nkuhungu watoto wote wana tetekuwanga. Nimewapaka ile dawa ya pinki, wamekuwa kama vizuka 😂

Mjomba Elia 10:57
Waje Mvumi walinde saruji usiku 😂😂

Shangazi Mariam 10:58
Elia, naongea habari ya kupima.

Neema 11:20
Kaka Joram usiwalete kwangu tafadhali. Mimba ina miezi saba na mama anasema mimi sikuwahi kuugua tetekuwanga.

Baraka UDOM 11:31
Dada Neema yuko sahihi. Mjamzito ambaye hajawahi kuugua akiipata, inaweza kumshukia kwenye mapafu vibaya. Kaka Joram wakae ndani mpaka vipele vyote vikauke vifanye magamba. Homa wape panado, aspirini usiwape kabisa.

Mama Mdogo Rehema 12:04
Baraka mwanangu, mbona mimi nilitoka mkanda wa jeshi na sikukaa na mtoto yeyote mgonjwa?

Baraka UDOM 12:09
Kirusi ni hicho hicho Mama Mdogo. Uliugua tetekuwanga utotoni ukapona, chenyewe kikabaki kimejificha kwenye mizizi ya neva. Umri ukisogea au kinga ikishuka kinaamka, kinafuata neva moja, ndiyo maana vipele vinapanga mstari upande mmoja. Familia ya virusi vya herpesi tabia yao hiyo, wakishaingia hawahami.

Mjomba Elia 12:11
Kama kundi hili. Kimyaaa, taja pilau uone watakavyoamka 😂😂

Daudi Kibaigwa 12:12
Pilau lipo?

Shangazi Mariam 12:13
HAKUNA ALIYETAJA PILAU. Daudi tangu Jumapili uko kimya, leo ndiyo unaamka? Andika jina.

Mama Mdogo Rehema 12:20
Na ile sindano ya wasichana shuleni ndiyo ya homa ya ini?

Baraka UDOM 12:26
Hapana, ile ni ya kirusi cha HPV, familia nyingine, papiloma. Aina ya 16 na ya 18 peke yake zinasababisha kama 70 kati ya kila saratani 100 za mlango wa kizazi. Nchi nzima ilianza 2018, sasa wasichana wa miaka 9 mpaka 14 wanachoma dozi moja tu. Kama Pendo hajachomwa bado hajachelewa.

Joram 12:30
Mama yake alikataa, alisikia inafunga kizazi.

Baraka UDOM 12:31
Haifungi kaka. Inazuia saratani ya hapo hapo kwenye mlango wa kizazi. Nipe namba ya shemeji niongee naye mwenyewe.

Shangazi Mariam 12:33
Ya Pendo nitakuja mimi mwenyewe Nkuhungu. Baraka, waeleze ya Yohana.

Baraka UDOM 12:50
Homa ya ini B iko peke yake, familia ya hepadna. Inapita kwenye damu, kwenye kujamiiana, na mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaa. Kula sahani moja haiambukizi. Mtu mzima akiipata mara nyingi mwili unaifukuza. Mtoto mchanga akiipata, kama 9 kati ya 10 wanabaki nayo maisha, na anaweza kukaa hata miaka 30 au 40 bila kuumwa chochote. Halafu ini linakauka, tumbo linajaa maji, au inakuja saratani. Ndivyo alivyokuwa Baba Mdogo Yohana. Kwa hiyo huenda alikuwa nayo tangu utotoni, na waliolelewa naye wapime. Dawa ya kuituliza ipo, ya kila siku.

Baba Mdogo Stefano 15:17
Kijana unamsingizia bibi yako aliyelala kaburini?

Baraka UDOM 15:19
Hapana Baba Mdogo, shikamoo. Nimesema utotoni. Inaweza kuwa wembe, chale, chochote chenye damu.

Baba Mdogo Stefano 15:25
Yohana tumbo lilivimba ndani ya miezi miwili. Kila mtu humu anajua alikuwa anapikiwa na nani. Na zile ng'ombe zilikwenda wapi.

Mjomba Elia 15:26
Stefano yaishe hayo.

Shangazi Mariam 15:27
Stefano!! Yumo humu!

Mama Nyemo 17:48
Nimo. Shikamooni wakubwa. Kaburi la mume wangu linajengwa na mimi nasoma hapa kama jirani.
Karatasi ya hospitali ninayo, iko kwenye Biblia yake. Imeandikwa HBsAg, ndiyo kipimo cha homa ya ini B, mbele yake chanya, kwa kalamu nyekundu. Daktari alinipima siku hiyo hiyo, mimi na Nyemo. Hatuna. Nyemo alichanjwa akiwa mchanga, ile ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Mimi nimechoma zote tatu za watu wazima. Hakuna aliyeniuliza. Nilifungashiwa virago tanga halijaanuliwa.

Baba Mdogo Stefano 17:55
_Ujumbe huu umefutwa_

Daudi Kibaigwa 18:30
Pole sana shemeji.

Baba Mkubwa Yona 20:06
Naandikiwa na mjukuu, maneno ni yangu.
Baba yetu alikuwa na mashimo ya ndui uso mzima. Kijijini walisema amerogwa, wakamfukuza mama mmoja na wanawe. Ndui ikaja kumalizwa kwa chanjo, mwaka 1980 dunia ikatangaza haipo tena. Yule mama hakuna aliyemfuata kumrudisha.
Jando letu tulikuwa vijana wengi, kisu kimoja, kilifutwa kwa majani. Yohana alikuwa wa tatu. Wewe Stefano ulikuwa wa nne.
Ijumaa nitakuwa Makole. Kaburi halitajengwa mpaka twende Mpwapwa kwa mama Nyemo, na msemaji atakuwa Stefano.

Shangazi Mariam 20:21
Tumesikia Baba Mkubwa.

Shangazi Mariam 20:34
1. Mariam
2. Baba Mkubwa Yona
3. Daudi (nimekuandika mimi)
4.

Mjomba Elia 20:40
Noah yangu ipo, mafuta tuchangie. Sasa Mpwapwa ni lini, kabla ya Ijumaa au baada? Fundi ameshachukua hela ya Jumamosi.

Shangazi Mariam 20:42
Ya fundi niachieni. Mama Nyemo, wifi yangu, tukija Alhamisi utatupokea?

Neema 21:15
Shangazi na mimi nipime? Kliniki walinitoa damu ila sijui walipima nini.

Baraka UDOM 21:17
Angalia kadi ya kliniki dada, nitumie picha. Ukiwa nayo kuna dawa unapewa kabla ya kujifungua ili mtoto asiipate.

Mama Nyemo 21:50
Alhamisi nipo mnadani mpaka saa kumi. Baada ya hapo sijui, nitaongea na kaka zangu kwanza.

Shangazi Mariam 21:51
Sawa wifi. Stefano, nakupigia hupokei. Namba nne ni yako.