Gitaa lenye taa shingoni linamfaa mtu anayeanza kabisa?

Mwanagenzi wa Dodoma

Habari za jioni, ndugu zangu. Nina umri wa miaka 41, na mwezi wa tatu nilinunua gitaa kavu (lisilotumia umeme) la nyuzi za chuma ambalo hadi leo limenipa kodi mbili tu, E maina na G, tena kwa kusimama katikati kila ninapohama kutoka moja kwenda nyingine. (Kodi ninayoisema ni ile ya sauti kadhaa zinazolia pamoja, si ile anayoifuatilia mwenye nyumba.) Mwalimu wa karibu sina, na muda wangu wa mazoezi ni kama dakika 20 usiku, watoto wakishalala.

Mpwa wangu anayeishi Marekani amejitolea kunitumia ukanda wa taa ndogo za rangi, uitwao Fret Zealot, unaobandikwa kwenye shingo ya gitaa kandokando ya freti (vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo) na kuunganishwa na simu kwa Bluetooth. Ukichagua kodi au wimbo kwenye programu, taa zinawaka mahali ambapo vidole vinatakiwa kukaa. Ameniambia pia kwamba yapo magitaa, kama vile Fretlight, ambayo taa zake zimejengwa ndani ya shingo yenyewe. Ninachoomba kujua ni kama kifaa hiki kitanifundisha kweli, au kitanizoesha kufuata taa kiasi kwamba siku betri ikiisha nitakuwa nimerudi pale nilipo leo.

Mzee wa Rizimu

Karibu kwenye chama cha wenye vidole vinavyouma, kaka. Nimepiga gitaa la rizimu kwenye bendi za dansi kwa miaka mingi na sasa nafundisha vijana nyumbani, wawili kati yao wakiwa wamekuja na vifaa vya namna hiyo, kwa hiyo ninayokuambia nimeyaona kwa macho yangu.

Kazi ambayo taa inaifanya vizuri ni ya ramani. Shingo ya gitaa humchanganya mgeni kwa sababu sauti ileile inapatikana mahali zaidi ya pamoja: ile ya uzi wa kwanza (ule mwembamba kuliko yote) ukiwa wazi, bila kukandamizwa, unaipata tena kwenye uzi wa pili freti ya 5, na kwenye uzi wa tatu freti ya 9. Kwenye mchoro wa kitabu jambo hilo huchukua muda kueleweka, lakini taa tatu zikiwaka kwa pamoja mwanafunzi analielewa papo hapo. Vilevile kwa skeli, yaani sauti zinazopangwa kupanda ngazi kwa ngazi, mtu anaona umbo zima kwa mara moja na kutambua kwamba likisogezwa freti mbili juu linabaki lilelile. Kwa hilo mimi siipingi hata kidogo.

Tatizo nililiona mahali ambapo sikutegemea. Gitaa likishikwa sawasawa, uso wa shingo unatazama mbele, kwa wasikilizaji, na mpigaji huona ukingo wake tu. Kijana wangu wa kwanza, ili azione taa, alikuwa akililaza gitaa mapajani hadi tundu likatazama dari. Kiwiko chake cha kushoto kikabanwa mbavuni, kifundo cha mkono kikajikunja, na kidole cha tatu kikawa kinaangukia uzi wa jirani na kuuzima. Kwenye kodi ya C uzi wa nne haukulia hata siku moja, ingawa taa zote tatu zilikuwa zimefunikwa na vidole vilivyo mahali pake. Tulizima taa, tukalisimamisha gitaa, na jioni ileile uzi ukalia.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: washa taa ya kodi moja, iangalie, taja kwa sauti nyuzi na freti zake (kwa C ni uzi wa tano freti ya 3, wa nne freti ya 2, wa pili freti ya 1), kisha izime na uiweke kodi hiyo mara kumi bila kuangalia. Ukikosea mara tatu, washa tena. Katika dakika zako 20, muda wa taa usizidi dakika 5.

Halafu kuna mkono wa kulia, ambao taa haziuhusu kabisa, nao ndio unaobeba muziki wetu. Jean Bosco Mwenda, mpiga gitaa wa Katanga huko Kongo, ambaye mtafiti wa muziki wa Afrika Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952, alipiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada tu, gumba likishika besi huku shahada ikicheza melodi juu yake. Ukiwashiwa freti zake zote utajua mkono wa kushoto ulikuwa wapi, na bado hutakuwa umeukaribia wimbo wake.

Binti wa Shangani

Mzee wangu wa Rizimu, shikamoo. Mimi ni mpigaji wa udi, nipo Unguja, na nimeona niseme neno moja kwa kaka yetu wa Dodoma kwa kuwa chombo changu hakina freti, achilia mbali taa. Mwanafunzi wa udi huanza kwa kuimba sauti anayoitaka, kisha kidole kinaitafuta, kinateleza kidogo juu au chini mpaka sikio liridhike. Ni kazi ya taratibu na inachosha, lakini baada ya miezi michache sikio ndilo linalouongoza mkono.

Ninalolihofia kwenye taa ni kwamba hazisikii. Ukanda wa aina hiyo unajua mahali pa kuwaka, haujui gitaa limelia nini. Kama uzi wa tatu umelegea, taa itawaka palepale, nawe utaweka kidole palepale, na sauti itakuwa mbovu huku kila kitu machoni kikionekana sawa. Kwa hiyo kila usiku, kabla ya kuwasha chochote, tuni nyuzi zako zote sita, na ukiweza jifunze kulinganisha uzi na uzi kwa sikio badala ya kutegemea simu peke yake.

Mwaka 2012 kilichangishiwa fedha kwenye Kickstarter, mtandao wa kuchangia miradi mipya, chombo kilichoitwa gTar, ambacho chenyewe kilikuwa na vihisio vya kutambua kidole kilipo. Kiliweza kuzinyamazisha sauti ulizokosea, ili wimbo utoke safi. Naelewa nia yao ilikuwa kumtia mtu moyo, lakini mimi ningependa mwanafunzi alisikie kosa lake, alichukie kidogo, kisha alirekebishe.

Fundi Nyuzi

Wakubwa wamesema, nami naongeza la ufundi. Kaka, kabla ya kuzungumzia taa, chukua rula na upime nafasi iliyopo kati ya uzi wa sita na ncha ya juu ya freti ya 12. Kwa gitaa kavu la nyuzi za chuma nafasi hiyo huwa milimita 2 na nusu hivi, na ikifika 3 bado unaweza kuvumilia. Magitaa ya bei nafuu ninayoletewa mara nyingi yana nyuzi zilizoinuka mno, na mwenyewe anadhani vidole vyake ndivyo dhaifu. Kwa nyuzi zilizoinuka hivyo, hata taa ikikuonyesha mahali sahihi itabidi ukandamize kwa nguvu zako zote, na uzi ukivutwa chini sana sauti inapanda na kutoka nje ya tuni. Fundi anaweza kuusugua mfupa wa darajani (pale nyuzi zinapokalia kwenye mwili wa gitaa) na kukaza kidogo chuma kilichomo ndani ya shingo kama imepinda, na kazi hiyo haimalizi siku.

Kuhusu ukanda wenyewe, mwambie mpwa wako aulize kwanza kama unakubali urefu wa gitaa lako. Pima kutoka kwenye mfupa wa juu (ule ulio karibu na kichwa cha gitaa) hadi darajani: gitaa lenye urefu wa milimita 648 lina freti ya kwanza kwenye milimita 36, na urefu ukibadilika freti zote zinahama, kwa hiyo ukanda uliokatwa kwa kipimo kingine hautakaa sawa. Tena aulize kama programu ina ada ya kila mwezi. Mteja wangu mmoja alikuwa na gitaa la taa, simu yake mpya ikakataa programu ile ya zamani, na sasa ana gitaa la kawaida lenye shingo nzito.

Mwanagenzi wa Dodoma

Nawashukuru sana, na kwa dada wa Unguja marahaba, ingawa shikamoo haikuwa yangu. Nimepima sasa hivi kwa rula ya mwanangu wa darasa la nne: uzi wa sita kwenye freti ya 12 uko milimita 5. Mpwa nimemwambia asubiri kwanza. Jumamosi nalipeleka gitaa kwa fundi, na usiku wa leo nimeiweka C bila kuangalia mara kumi; uzi wa nne umelia mara mbili.