Tumelipa kiingilio tukachume machungwa wenyewe Sengerema, tumerudi na ugwadu na uongo kwamba "yataivia nyumbani"

Wakuu, naanza na swali. Chungwa likishachumwa linaiva? HALIIVI. Ndizi inaiva, embe linaiva, parachichi ukilifukia kwenye unga linaiva. Chungwa halina akiba ya wanga wa kugeuka sukari baadaye, utamu wake wote linaupata likiwa mtini. Ukilichuma chachu, utalila chachu au utalitupa limeoza.

Sasa kuna shamba la michungwa limejitangaza kuanzia Juni: "Msimu wa Baridi, Njoo na Familia Mchume Wenyewe". Jina silitaji, mods wasije wakaufuta uzi. Liko upande wa Sengerema, ukishavuka daraja la Kigongo-Busisi. Tangu daraja lifunguliwe Juni 2025 hakuna tena kukaa foleni ya kivuko, kwa hiyo watu wa Mwanza mjini tumeona huko ndiyo kwa kupeleka watoto wikiendi. Na wao wameona hela.

Hilo tangazo lenyewe lilitakiwa linishtue. Picha ina watu wamevaa makoti na skafu, miti imejaa matunda ya manjano iliyokolea. Ile picha ni ya Japani! Kule utaratibu huu upo kweli, machenza yao wanayaita mikan, yanachumwa Oktoba hadi Desemba baridi ikianza kuingia. California nako machungwa ya navel ni ya miezi ya baridi, kuanzia Novemba. Usiku wa huko ukishuka chini ya nyuzi 13 hivi, ukijani wa ganda unapotea na chungwa linapata ile rangi ya kwenye picha. Hapa kwetu baridi ni upepo wa ziwa alfajiri, saa nne umeshavua sweta. Ndiyo maana chungwa letu linaweza kuwa tamu kabisa na ganda bado kijani.

Maana yake mgeni hawezi kujua kwa macho lipi limeiva. Anahitaji mtu wa kumwelekeza: shika hili, ona lilivyo zito kwa ukubwa wake, ganda limelainika, haya onja. Sisi tulipewa nini? Ndoo na kijana mmoja anayechezea simu. Kiingilio elfu kumi mkubwa, elfu tano mtoto, risiti hakuna, "mashine ina shida ya mtandao mama".

Ndani sasa. Miti yote ya karibu na geti ilishachumwa, imebaki majani. Tukasukumwa huko nyuma kwenye miti michanga. Nikaomba mkasi. Hawana. "Vuta tu mama, linatoka." Jamani, chungwa halivutwi! Ukilivuta, kikonyo kinang'oka na kipande cha ganda, pale palipochanika ndipo ukungu unapoingilia, wiki haiishi limeota ukungu wa kijani na kuambukiza yaliyo jirani. Mwenye shamba asiyejua hilo anauza nini? Halafu mti mmoja ulikuwa na kiota cha majimoto, wale sisimizi wakali wanaoshona majani pamoja. Siwalaumu kwa kuwaacha, majimoto wanamsaidia mkulima kula wadudu. Lakini unashindwaje kufunga hata kitambaa chekundu kwenye huo mti, wakati umeita watoto wa watu kwa hela? Mwanangu wa mwisho alishuka analia, shingo yote imevimba.

Kuonja hairuhusiwi. Hilo ndilo linalonichemsha mpaka sasa. Mashamba mengi ya huko Japani walikoiba picha ukishalipa kiingilio unapewa mkasi na unakula mle mle shambani mpaka uchoke, unalipia unayoondoka nayo. Hawa wameiga kiingilio, ulaji wakauacha. Nilimenya moja kwa kificho nyuma ya mti, meno yakafa ganzi. Nikaacha kuchuma palepale.

Getini mzani wa kuning'iniza, hauna stika yoyote ya Wakala wa Vipimo, kilo elfu tatu. Nikamwambia yule kijana, mdogo wangu, haya ni mabichi, siyalipii. Akaniita mama kwa adabu zote kisha akasema ukichuma umenunua. Na mabichi hayarudi mtini, hapo yuko sahihi, ila nani aliniambia nichume? Ndipo msimamizi akatoka kivulini na ile kauli: "Mama, yafunike kwenye kiroba siku tatu, yataiva tu." Mtu mzima, mbele ya wageni wengine, bila hata kupepesa. Kuna baba mmoja pembeni alitikisa kichwa kukubali na kupakia viroba viwili kwenye Noah. Baba yule kama upo humu, fungua kiroba uangalie.

Msije mkaniambia wote ndivyo walivyo. Machungwa ya Ukerewe nimekula miaka yote, kijani na tamu, mama wa sokoni anakukatia kipande uonje ndiyo mpatane. Haongei habari za msimu wa baridi wala picha za makoti.

Nimewaandikia kwenye ukurasa wao. Maoni yangu yamefutwa, kisha admin kaja PM: "Karibu tena dada, tutakupa punguzo la kiingilio." Punguzo la kurudi kuumwa na majimoto? Ninachotaka ni hela ya kilo zile, na waondoe ile kauli ya kuivia nyumbani, maana kila Jumamosi kuna familia inaambiwa hivyohivyo.

Kwa mnaopanga kwenda wikiendi hii: kabla hujalipa getini, omba wakukatie moja, ulionje palepale, na uulize mkasi uko wapi. Wakikataa, geuza gari.

Na anayemfahamu mwenye shamba mwenyewe, siyo admin wala yule msimamizi, aje PM. Kiroba bado kipo jikoni na nitampelekea kama kilivyo.