Oktoba ya Eisenstein: mbona Kerensky hamalizi ngazi?

FundiHarusi: Wakuu, habari za jioni. Mimi naedit video za harusi hapa Morogoro, sinema za zamani si fani yangu. Juzi nimeitazama Oktoba ya Sergei Eisenstein, ile bubu ya 1928. Kuna mahali Kerensky, mkuu wa serikali ya mpito ya Urusi, anapanda ngazi za Kasri la Majira ya Baridi. Anapanda, anapanda, hafiki. Nikarudisha nyuma: ngazi ni zilezile! Mimi nikimpandisha bwana harusi ngazi mara mbili, mama yake ananipigia usiku huohuo. Huyu kafanya makusudi au picha zilimwishia?

MamaZuu: Makusudi kabisa, mwanangu. Soma maandishi yanayoingia katikati: amiri jeshi mkuu, waziri wa vita na wa majini, waziri mkuu, na kadhalika. Vyeo vinaongezeka, mtu yuko palepale. Tena kuna sanamu imeshika shada, imepigwa kwa pembe ambayo utadhani inataka kumvika. Akisimama mlangoni, tunakatiwa kwenye tausi wa dhahabu, ile saa ya mashine ya mlemle kasrini, anageuka na kutandaza mkia. Hakuna palipoandikwa kwamba bwana huyu anajisikia. Shoti zimekaa jirani tu, matusi unayatoa wewe.

MpitaNjia77: Tusimpambe mno. Filamu iliagizwa na serikali kwa miaka 10 ya mapinduzi ya 1917. Trotsky alikuwa kinara wa mapinduzi hayo, lakini kwa vile Stalin, aliyekuwa ameshika madaraka, alishamgeuka, vipande vyake vingi viliondolewa. Huko kukata nako muite sanaa?

MamaZuu: Hapo sibishi. Ila itazame na Mgomo, filamu yake ya 1925. Wafanyakazi wanapigwa risasi, katikati anaingiza ng'ombe anachinjwa. Ng'ombe huyo hayumo kwenye kisa, kaletwa kutoka nje ili utetemeke. Mimi ananichosha, naona nashikwa kichwa nigeuzwe nitazame. Tausi ni wa nyumba ileile ya mkubwa, ananiacha nicheke kwanza.

FundiHarusi: Shikamoo mama, nimekuelewa. Sasa nina mgeni rasmi wa Jumamosi, kahutubia mpaka pilau likapoa. Na shoti ya feni ya ukumbini ninayo, inazunguka tu. Nikiziweka jirani?

MamaZuu: Marahaba. Maliziwa hela yako kwanza.