Mzee ananiuliza "kwani wanakupiga?" nikimwambia chuo kimenishinda

kijana_wa_uyole:
Wakubwa shikamooni, wengine mambo. Niko India, Punjab huku, mwaka wa pili nasoma kompyuta, miaka 20. Nitaandika ndefu mnisamehe, sijawahi kumwambia mtu.

Kwenye basi la chuo siti ya pembeni yangu inabaki tupu hata watu wakiwa wamesimama mpaka mlangoni, mwanzo nilikuwa nafurahi naweka begi, nikaja kushtuka kama baada ya mwezi. Maabara tukiambiwa tujigawe wanne wanne mimi ndo nabaki, mwalimu anazunguka kunibembelezea kundi kama ananadi mtumba. Wananiita kalu, mara habshi, ndo matusi yao kwa mtu mweusi. Mwezi uliopita nimesimama mbele kuprezenti, mtu huko nyuma akalia kama nyani, darasa zima likacheka na mwalimu akajifanya anatafuta chaja. Toka siku ile siendi. Nalala mchana, usiku macho, chakula cha mesi nabeba nakula chumbani. Mahudhurio kwenye apu yanasoma 61, na hapa ukiwa chini ya 75 hufanyi mtihani.

Sasa mzee. Ana duka la spea, kauza kiwanja ili nije huku. Kwetu tulikuwa tunachapwa na mkanda wa feni wa gari, nikiwa wa pili darasani nachapwa kwa nini sio wa kwanza, na ukilia unaongezewa. Nilipojikaza nikampigia nikamwambia huku wananibagua akauliza "kwani wanakupiga?" nikasema hapana, akasema "basi soma", akakata. Sasa hivi nikiona tu jina lake linaita tumbo linanikata nakimbilia chooni. Nimwambie au ninyamaze mpaka mtihani upite?

Ngosha77:
Dogo hicho kiboko unachokilalamikia ndo kimekufikisha India. Wote tumechapwa na tumekuwa watu. Nyani nyani ni maneno tu, ingia darasani kaa mbele piga kitabu, hao wahindi hujaenda kuwaoa.

mama_wawili:
Ngosha umekuwa mtu lakini ona unavyomwambia mtoto anyamaze, yaani kama baba yake. Mtoto umeshamzoesha akilia anaongezewa, akifanyiwa ubaya ugenini atamwambia nani? Mimi nilikuwa nampiga wangu wa kwanza makofi kisa hesabu. Akiwa darasa la tano aliteguka mkono shuleni, akakaa nao siku mbili ameuficha ndani ya sweta, joto la Dar mnalijua, mimi namuuliza sweta ya nini anasema anasikia baridi. Kumbe aliogopa kuchapwa kwa kucheza. Nilivyouona ulivyovimba sikumgusa tena.

Mwanangu wewe hapo sweta yako ni hicho chumba.

mzoefu_bangalore:
Pole sana mdogo wangu, mimi nilimalizia Bangalore. Nilikuwepo Januari 2016 yule dada yetu mtanzania alipovamiwa na kundi la watu wakachoma na gari walilokuwa nalo, kisa msudani mmoja alikuwa amegonga mama akafa muda mfupi kabla, na hata hawakuwa pamoja naye. Weusi tu. Wiki ile hatukutoka nje. Na ujue Karnataka na Gujarat kuna Wasidi, asili yao Afrika, wako kule karne na karne, na mpaka leo wanaulizwa wametoka nchi gani. Kwa hiyo acha kujichunguza una kasoro gani.

Ya kufanya sasa. Hiyo ya nyani sio utani tu, huko wanaiita ragging, yaani kuonea wanafunzi wenzako, na tangu 2016 kanuni zao za vyuo vikuu zinataja wazi kumwonea mwanafunzi kwa rangi au uraia. Namba ya kuripoti ni 1800-180-5522, bure, saa 24. Andika tarehe, somo, nani alikuwepo. Usingizi na tumbo piga 14416, ni laini ya serikali yao ya afya ya akili, kiingereza wanaongea. Halafu nenda kwa daktari wa chuo upate cheti, vyuo vingi vinalegeza kidogo mahudhurio ukiwa na cheti, ila uende kabla ya mtihani, ukingoja majina yabandikwe umekwisha.

Kwa mzee usiende peke yako, tafuta mtu anayemheshimu.

Ngosha77:
Sawa mama, hiyo ya sweta sina jibu. Ila kiwanja cha watu kimeuzwa na mwenye kiwanja hajui kinachoendelea, hilo mnalipita haraka sana.

kijana_wa_uyole:
Ngosha ni kweli, ndo kinachonikosesha usingizi kuliko hata hao wa darasani. Akijua kwa matokeo ataona nilikuwa nakula hela yake.

Asanteni wote. Leo nimeenda kwa daktari wa chuo, kaniuliza nalala saa ngapi nikashindwa kujibu nikaanza kulia kama mtoto, nikawa nageuka kuangalia mlango. Cheti nimepata. Mkuu wa idara nampelekea jumatatu, ya kuripoti bado naogopa.

Mama mdogo ndo mtu pekee mzee hamkatii simu. Nimemtumia voisi ya dakika 4 wasap. Tiki zimekuwa bluu, hajajibu, inaandika anarekodi, inaacha, inaandika tena anarekodi.