MJADALA: Waziri akijibu kwamba dawa zipo kwa asilimia 90, amejibu swali gani?

Kibuyu Tupu (mtoa hoja)

Wakuu, salaam. Hakuna mkutano wa Bunge pale Dodoma unaoisha bila mbunge kusimama kwenye kipindi cha maswali na kuuliza: lini Serikali itapeleka dawa za kutosha kwenye zahanati na vituo vya afya vya jimbo langu? Naibu Waziri anasimama kwa niaba ya Waziri na kusoma jibu lenye vipande vitatu: fedha zilizotengwa, asilimia ya upatikanaji wa dawa, na "Serikali itaendelea kuboresha". Mbunge ana maswali mawili ya nyongeza. La kwanza analitumia kuomba gari la wagonjwa, la pili kumwomba Waziri waongozane jimboni. Spika anaita swali linalofuata.

Wakati huohuo mgonjwa yuko dirisha la dawa, ameshikishwa karatasi akanunue nje.

Msimamo wangu ni kwamba asilimia hiyo isipokelewe tena Bungeni. Haipimi anachokiuliza mbunge, na wanaoiandika wanalijua hilo. Anayebisha aje.

Mlinganyo

Nabisha nusu. Asilimia si uongo. Tatizo ni kwamba kuna vipimo vitatu tofauti vinavyotembea kwa jina moja la "upatikanaji wa dawa", na jibu likisomwa halisemi ni kipi.

Kipimo cha kwanza ni dawa viashiria. Kila kituo kinaripoti orodha fupi ya bidhaa: dawa mseto ya malaria, ORS (ya kurudisha maji mwilini), amoksilini (antibayotiki), oksitosini (sindano ya kuzuia mama kutoka damu nyingi akijifungua), chanjo, sindano ya uzazi wa mpango na nyingine chache. Ipo au haipo. Kituo chenye 9 kati ya 10 kina asilimia 90, hata kama hiyo moja iliyokosekana ni ORS na kijiji kizima kinaharisha. Kopo zima na vidonge vinane vilivyobaki chini ya kopo vyote vinaandikwa "ipo".

Cha pili ni utoshelevu wa oda: kituo kiliomba nini Bohari ya Dawa (MSD) na kilipewa kiasi gani. Hiki kinauma zaidi, ndiyo maana hukisikii mara nyingi.

Cha tatu ni akiba ya MSD yenyewe, yaani kati ya bidhaa muhimu zilizo kwenye orodha, ngapi zimo maghalani. Orodha hiyo nayo imewahi kuwa ya aina 135, ikaja 312, kisha 290. Ukilinganisha asilimia ya mwaka mmoja na ya mwaka mwingine bila kuangalia orodha, umelinganisha debe na kibaba.

Jambo jingine ambalo jibu la Bungeni halilitenganishi ni dawa za miradi msonge, yaani miradi inayoendeshwa peke yake kwa ugonjwa au huduma moja. Dawa mseto, ARV, dawa za kifua kikuu na chanjo zinagharimiwa kwa sehemu kubwa na wafadhili na zina bajeti yake. Hizo ndizo zinazoinua wastani. Zinazonunuliwa kwa fedha za kituo, kama antibayotiki, dawa za maumivu, za presha, glovu na maji ya dripu, ndizo zinazoadimika, na ndizo zinazomtuma mgonjwa duka la dawa. Changanya makundi hayo mawili, utapata namba nzuri ambayo haimhusu mgonjwa yeyote.

Stoo ya Dawa

Kabla hamjamsulubu Naibu Waziri, twende stoo. Namba inaharibika huku chini kabla haijafika Dodoma.

Chukua amoksilini ya watoto ya kuyeyusha kwenye maji, miligramu 250. Zahanati imetoa vidonge 600 katika siku 60, lakini siku 20 kati ya hizo stoo ilikuwa tupu. Hesabu sahihi: 600 gawa kwa siku 40 ni 15 kwa siku, zidisha kwa 60 unapata 900. Fomu ya taarifa na maombi ina safu ya siku za kuishiwa kwa sababu hiyohiyo. Mhudumu ambaye yuko peke yake, anazalisha, anachanja na kuandika leja, akiiacha safu hiyo wazi, mfumo unasoma mahitaji kuwa 600. Vikija 600 vitaisha tena siku ya 40. Pengo la vidonge 300 ni dozi kamili za watoto 15 wa umri wa mwaka mmoja hadi mitano, wa viwili asubuhi na viwili jioni kwa siku tano. Mzunguko kwa mzunguko takwimu zitaonyesha kituo kinapata chote kilichoomba. Utoshelevu wa oda asilimia 100, na watoto 15 hawana dawa!

Kwa hiyo hata hicho kipimo cha pili cha Mlinganyo kinadanganyika.

Na kuna kitu hakiingii kwenye kipimo chochote. Oksitosini inataka nyuzi joto 2 hadi 8. Friji ikizimika wikiendi nzima, Jumatatu chupa zipo palepale, leja inasoma "ipo". Nguvu yake itajulikana mama akianza kutoka damu.

Mwisho, ngazi. Orodha ya taifa ya dawa muhimu inapanga dawa kwa ngazi: A ni ya zahanati, B kituo cha afya, C hospitali ya wilaya, D inapanda juu zaidi. Mgonjwa aliyeandikiwa hospitalini dawa ya ngazi C akienda kuifuata zahanati ya kijijini kwake ataikosa, na hapo hakuna upungufu wowote. Malalamiko ya aina hii yapo mengi na mbunge huyabeba yote kwenye gunia moja.

Bajeti Kavu

Mnazunguka. Dawa ni fedha.

Serikali ilipenda sana kurudia Bungeni kwamba bajeti ya dawa imepanda kutoka shilingi bilioni 31 mwaka 2015/16 hadi bilioni 269 mwaka 2017/18. Kupanda ni kweli, sibishi. Ila "imetengwa" na "imetolewa" ni maneno mawili, na mbunge asiyeuliza la pili atajibiwa la kwanza siku zote. Fedha ikishatolewa bado kuna swali la tatu: imekwenda kununua dawa au kulipa madeni ya MSD, ambayo mengine yalitokana na kuhifadhi na kusambaza hizohizo bidhaa za miradi msonge?

Halafu misamaha. Sera ya Afya ya 2007 inasema wajawazito, watoto chini ya miaka mitano na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo watibiwe bure. Ni sera nzuri. Lakini zahanati inayowahudumia haina mstari wa bajeti unaorudisha gharama kichwa kwa kichwa, na kwa zahanati ya kijijini kundi hilo ndilo karibu foleni nzima ya asubuhi. Kinachobaki ni Mfuko wa Pamoja wa Afya (fedha za wafadhili), ambao tangu 2017/18 unaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na CHF (Mfuko wa Afya ya Jamii) iliyoboreshwa. Hiyo CHF iliwekwa kuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, yaani 5,000 kwa kichwa. Mtoto akiugua malaria mara mbili na homa ya mapafu mara moja, hiyo elfu tano iko wapi?

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa 2023 kujaribu kuziba hapo. Mpaka michango ikusanywe na vituo vilipwe kwa wakati, jibu la "dawa zipo" litabaki kuwa jibu la ghala.

Kibuyu Tupu

Bajeti Kavu, sasa tunaelewana. Lakini Stoo, mkuu, unamtupia mzigo mhudumu wa zahanati. Nani amemwacha peke yake? Na nimsaidie hapo: kituo kikikosa dawa MSD kuna Mshitiri, yaani mzabuni binafsi wa mkoa, ule utaratibu ulioanza Dodoma 2014 na kuenea mikoa yote ya Bara 2018. Kwa nini bado mgonjwa anaandikiwa karatasi?

Stoo ya Dawa

Kwa sababu Mshitiri si duka la kukimbilia jioni, ndugu yangu. Oda lazima ianze MSD. Bidhaa isiyokuwepo MSD ndiyo inayoruhusiwa kwenda kwa Mshitiri wa mkoa, na inapita halmashauri, inaunganishwa na oda za vituo vingine, ndipo inatoka. Taarifa ya MSD ikichelewa wiki mbili, kila kitu kimechelewa wiki mbili. Na Mshitiri anataka kulipwa. Akaunti ya kituo ikiwa na shilingi elfu themanini, hata washitiri wawe kumi.

Wala simtupii mhudumu mzigo. Nasema namba yake isiletwe Bungeni kama ushahidi wakati hajapewa mtu wa kumsaidia kuiandika.

Wa Kilifi

Jamani, niwachungulie kutoka jirani. Nyinyi angalau mna wa kumuuliza. Kwetu Kenya, Katiba ya 2010 ilipeleka zahanati na hospitali za kaunti kwa serikali za kaunti. Mbunge akimwuliza Waziri wa Afya kwa nini zahanati fulani haina dawa, jibu liko tayari: hilo ni la kaunti. Gavana naye atasema KEMSA, yaani MSD yetu, haijaleta. KEMSA itasema kaunti ina deni. Mgonjwa yuko katikati, anaangaliwa tu.

Tangu Oktoba 2024 SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii) imechukua nafasi ya NHIF, bima yetu ya afya ya zamani, na zahanati zinategemea Hazina ya Afya ya Msingi. Wabunge wetu wamehamia kuuliza kuhusu malipo ya SHA. Afadhali, maana malipo yana tarehe na kiasi, hayana "tutaendelea kuboresha". Pia Bunge la Taifa lina Kamati ya Utekelezaji, kazi yake ni kufuatilia ahadi ambazo Serikali imezitoa ndani ya Bunge. Inafanya kazi vizuri? Sisemi. Ila ahadi ina mahali pa kufuatiliwa.

Mjumbe wa Kamati

Mimi naona wote mmekosea mlango. Bunge si mahali pa kutafutia amoksilini. Zahanati iko chini ya halmashauri. Swali lake ni la Baraza la Madiwani, na kabla ya hapo ni la kamati ya usimamizi wa kituo. Gari la MSD likifika, wajumbe wa kamati ndio wanaopaswa kushuhudia mapokezi. Unashika ankara mkono mmoja, unafungua boksi, unahesabu: zimeandikwa kopo 10, zimo 10? Zinaisha muda lini? Kilichoombwa na hakikuletwa ni kipi? Hapo ndipo wajumbe wengi wanasaini wamesimama na kurudi shambani. Diwani akiwa na nakala za ankara tatu za mwisho, hahitaji asilimia ya mtu yeyote.

Mbunge pia ni diwani wa halmashauri yake. Aulize huko kwanza.

Mlinganyo

Hilo la mbunge kuwa mjumbe wa Baraza ni kweli na linasahaulika kwa makusudi. Lakini Baraza haliwezi kuiamuru Hazina, wala haliwezi kuiamuru MSD. Tunahitaji milango yote miwili.

Niliandike swali upya, mlikosoe: "Katika mizunguko minne iliyopita, vituo vya Halmashauri ya Wilaya fulani viliomba MSD bidhaa za afya zenye thamani gani, vilipokea zenye thamani gani ukiondoa za miradi msonge, na vilikuwa na siku ngapi za kuishiwa amoksilini, oksitosini na ORS?"

Bajeti Kavu

Ongeza: fedha za dawa zilizotolewa, kwa tarehe.

Karatasi Nyeupe

Nimekuwa nikisoma kimya. Swali la Mlinganyo likienda hivyo litarudishwa likafupishwe. Hayo ni maswali matatu, na la Bajeti Kavu ni la nne. Ligawe (a) na (b), mengine ubaki nayo kwa nyongeza. Lielekeze TAMISEMI (tawala za mikoa na serikali za mitaa), si Wizara ya Afya, maana ni zahanati na vituo vya afya. Likienda Afya utajibiwa sera. Na takwimu nyingi hivyo usiziombe kwa mdomo ndani ya ukumbi: omba jibu la maandishi, lenye jedwali la kituo kwa kituo.

Kibuyu Tupu

Jibu la maandishi halionekani kwenye televisheni, mkuu. Mbunge gani atalitaka?

Karatasi Nyeupe

Yule ambaye ankara tatu za Mjumbe wa Kamati ziko mezani kwake. Jedwali likija akaweka mojawapo pembeni, mstari kwa mstari, nyongeza ya mkutano unaofuata inajiandika.