Kibali cha utafiti wa elimu maalumu Marekani

Swali: Bodi ya maadili ya chuo imeidhinisha utafiti wangu kuhusu wanafunzi wenye ulemavu nchini Marekani. Je, naweza sasa kuwaandikia wazazi?

Jibu: Bado, ndugu. Wilaya nyingi za shule hudai uwasilishe ombi kwao pia, na sheria ya FERPA ya mwaka 1974, inayolinda faragha ya kumbukumbu za wanafunzi, kwa kawaida huitaka shule ipate idhini ya maandishi ya mzazi kabla ya kukufungulia kumbukumbu za mtoto, ukiwemo mpango wake binafsi wa elimu.

Jibu: Naongeza kwamba ridhaa ya mzazi haifuti sauti ya mtoto: aelezwe kwa njia anayoielewa, iwe picha au lugha ya alama, na akikataa aachwe. Wazazi nao waambiwe waziwazi kwamba kutoshiriki hakutapunguza huduma za mtoto wao. Wazazi huwa na hofu hiyo ya kupoteza huduma.

Muulizaji: Nashukuru. Nitaanza na wilaya.