Mnataka wanafunzi wadadisi, halafu mnawarudisha ndani wakanakili!

Wakuu, nina hasira, mtanisamehe lugha.

Kila semina tunaimbiwa wimbo uleule: jiografia ifundishwe kwa udadisi, mtoto aulize, achunguze, atafute jibu mwenyewe. Sawa, nikafanya. Juzi niliwatoa nje wanafunzi wangu wa miaka 12 na 13, tukachomeka kijiti ardhini. Kila baada ya dakika 5 wanaweka jiwe pale ncha ya kivuli inapofika, tujue kinakuwa kifupi kabisa saa ngapi. Wote wakabashiri saa sita kamili.

Saa sita ikafika, ikapita, kivuli bado kinapungua! Kilianza kurefuka tena kwenye saa sita na dakika 20 hivi. Mmoja akasema saa ya mwalimu mbovu, wakaenda kuilinganisha na nyingine mbili. Hapo binti mmoja ambaye darasani huwa hafungui mdomo akauliza, "Kwa hiyo hii saa sita ni ya nani?"

Jamani! Swali hilo ndilo longitudo yenyewe, yaani uko mashariki au magharibi kiasi gani. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, yaani nyuzi moja kila dakika 4, na saa zetu zinafuata mstari wa longitudo ambao watu wameuchagua, si jua la pale ulipo. Sikuwa nimewaambia hata neno. Walishaanza kubishana wenyewe, mmoja anachora duara mchangani.

Ndipo mkaguzi akatokea. "Mwalimu, mbona darasa liko nje? Notisi ziko wapi?" Mbele ya watoto! Tukaingia ndani, nikaandika ubaoni "nyuzi 1 = dakika 4", wakanakili. Yule binti hakunakili, alikuwa anachungulia dirishani.

Kinachoniuma zaidi, mwenzangu aliyewaambia wanafunzi "tafiteni mito mirefu duniani" ndiye aliyesifiwa. Wamechapisha kurasa za intaneti, wamezipamba kwa kalamu za rangi, basi. Simlaumu, naye ana mada za kumaliza. Lakini swali ambalo jibu lake unalipata kwa sekunde tano lina udadisi gani?

Mimi nimeachiwa fomu: "Taja idadi ya maswali ya udadisi yaliyoulizwa katika kipindi." Nimeandika 1. Wamenirudishia, eti ni machache.

Wenye wakaguzi wa namna hii mnafanyaje? Kesho naanza mada ya mawingu, na nimeshaonywa nifundishie ndani.